UCHANGANUZI: Pointi za mchezo zisigeuzwe chambo kwa washiriki wa utafiti

KAMPUNI zinazounda programu za simu zinakabiliwa na tatizo sugu: watumiaji wamechoka kujaza hojaji. Suluhu iliyoshika kasi ni kuugeuza utafiti mchezo. Anayejibu maswali hupewa pointi, hupandishwa daraja na jina lake kuwekwa kwenye orodha ya washindi.

Mbinu hii si ya kupuuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Luis von Ahn wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alibuni mchezo ambapo watu wawili wasiojuana walionyeshwa picha moja kwenye intaneti. Walipata pointi pale tu walipoandika neno lile lile kuieleza. Kwa kuwa hawakuweza kuwasiliana, njia rahisi ya kushinda ilikuwa kusema walichokiona. Mnamo 2006, Google iliutumia mchezo huo kuzipa picha zake maelezo.

Hapo ndipo siri ilipo: pointi zililipa ukweli. Anayezawadiwa kwa kumaliza tu atabofya jibu lolote mradi afike mwisho.

Isitoshe, mchezo hauchukui nafasi ya kumtazama mtu akitumia huduma katika maisha yake. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza nchini 2005, yalilenga kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa simu. Ilibainika kuwa wateja walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilijengwa juu ya tabia hiyo.

Lipo pia suala la haki. Mnamo 2023, maelfu ya Wakenya walipiga foleni katika KICC, Nairobi, ili mradi wa Worldcoin uwapige picha za mboni za macho kwa malipo ya sarafu za kidijitali za takriban Sh7,000. Serikali iliusitisha Agosti mwaka huo. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, na kupinga ridhaa inayopatikana kwa kishawishi cha sarafu hizo.

Naam, pointi 10 za mchezo si Sh7,000. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa ufahamu. Kampuni inayomwalika Mkenya kucheza haina budi kumweleza inachokusanya na itakachokifanyia. Mchezaji ana haki ya kuzijua kanuni kabla kipenga hakijalia.