Mbele ya kumpigia makofi, tumuulize alikuwa wapi

Ndugu vijana wa Butembo, na wewe unayesoma hii ukiwa Beni, Bunia ao mbali zaidi,

Tangu juma mbili tunasikia paka jambo moja: harakati yetu imepata bahati, mtaalamu wa mikakati ya dijitali anakuja kutufundisha bure. Karatasi yake imepita katika simu zetu sote. Picha ya suti ya buluu, mikono imefungwa kifuani. Chini yake, miaka minane ya kazi. Halafu maadili yake: uadilifu, ukweli, huduma kwa jamii. Halafu shabaha ya maisha yake: kuamsha dhamiri ya kizazi kizima cha Wakongomani. Watu wameweka mioyo na makofi.

Mimi sikuweka kitu. Nitaeleza sababu, na maelezo yenyewe hayanipendezi.

Nilimaliza lisansi mwaka 2022. Munajua namna inaendaka: unatoa kopi za diplome, unapeleka barua kwa ONG, kwa shule, kwa duka kubwa, wanakuambia «tutakuita», simu hailie. Mwaka 2023, mbele ya uchaguzi wa 20 Desemba, kijana tuliyesoma naye akaniita. Kazi iko, akasema, ni ya kuandika, wewe unajua kuandika.

Ilikuwa chumba nyuma ya duka, jenereta inalia inje, simu juu ya meza. Tulikuwa vijana watano, sisi wote na diplome. Kila mmoja akapewa watu 12 wa uongo. Mimi nilikuwa mama muuza ndizi wa Mususa, mwalimu mzee aliyepumzika, mwendesha pikipiki, dada mwanafunzi, na wengine. Dola 3 kwa siku, na mega za bure. Asubuhi sauti ilitumwa toka mbali: leo mumsifu huyu, leo mumshushe yule, maneno ni haya. Sisi tulikuwa tunayabadilisha kidogo ili yasifanane. Mama wa ndizi aandike na makosa, mwalimu aandike Kifaransa cha zamani. Nilikuwa hodari, nakubali. Mwalimu wangu alikuwa na wafuasi waliomwamini.

Siku ya 18 jina lililotumwa lilikuwa la dada wa harakati, mtu ninayemjua. Alikuwa amepiga picha ya barabara ya mtaa wake na kuuliza pesa yake imeenda wapi. Ni hiyo tu. Nikaandika, kwa mkono wa mwalimu, kwamba dada huyu analipwa na adui. Kwetu hapa mashariki munajua neno hilo lina uzito gani. Mtu anaweza kuchomwa ju ya neno hilo. Kisha saa moja sikuwa tena mimi ninayeandika, ni watu wa kweli, na hasira ya kweli. Alilala kwa shangazi yake usiku tatu. Aliyekuwa analipwa ni mimi, dola 3.

Kesho yake sikurudi. Sikusema neno kwa mtu. Dada huyo nimemwambia mwezi huu tu, na hajanijibu.

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Sisemi ni yeye aliyekuwa anatutumia sauti. Mkubwa yule hatukumwona uso hata siku moja. Nasema hivi: CV yake, kwenye mwaka 2023, imeandika «mshauri wa kampeni» na nukta. Mshauri wa nani? Kampeni gani? Kwa kazi gani kila asubuhi? Fundi wa kujenga anakuonyesha nyumba alizojenga. Fundi cherehani anakuonyesha nguo. Huyu anatuonyesha maadili. Maadili ya kwenye karatasi kila mtu anayaandika, hata mimi ningeyaandika nikiwa ndani ya chumba kile.

Na tusidanganyane kwamba ni mambo madogo ya Butembo. Kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza ilifanya kazi katika uchaguzi wa Kenya mwaka 2013 na 2017. Mwaka 2018 mkubwa wao mmoja alinaswa na kamera ya siri akijivuna kwamba walibadilisha sura ya chama kizima mara mbili na kukiandikia hotuba. Katika CV hayo yote yanaitwa ujuzi wa Afrika. Na Kongo? Mwaka 2020 Facebook ilifunga makumi ya akaunti na kurasa za uongo zilizokuwa zinaendeshwa toka hapa hapa kwetu ju ya siasa. Wale walioziendesha walikuwa na CV pia.

Sisi wa Butembo hatuna haki ya kusahau uongo wa simu unafanya nini. Wakati wa Ebola tulikuwa tunapokea sauti kila siku: ugonjwa ni biashara, ukienda kwenye kituo utatoka maiti. Tulizituma mbele. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili, daktari Mkameruni aliyekuja kutusaidia aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya mji wetu. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200, na hatutajua kamwe wangapi walikufa ju waliogopa kituo kuliko homa.

Najua jibu la wenzangu. «Wale wa upande mwingine wako na wataalamu, sisi tuikale mikono mitupu?» Hapana. Mimi sikatae masomo. Nataka tujifunze kufunga simu ili ikikamatwa isitoe majina ya wenzetu. Nataka tujue kutazama picha na kusema hii si ya jana, ni ya nchi ingine. Tulipopinga RAM, ile kodi iliyokuwa inakula initi zetu kimya kimya tangu 2020, hakuna aliyejifanya mama wa ndizi. Mama wa ndizi wa kweli alionyesha simu yake, initi zimekatwa, akasema mwenyewe. Mwaka 2022 ikafutwa. Vijana walipiga kelele kwa mitandao, ndiyo, lakini kelele ilikuwa na sura na jina.

Tena mitandao yenyewe wanaweza kuizima. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho ya uchaguzi ambao sisi wa Butembo na Beni tulinyimwa, walikata intaneti nchi nzima, ikarudi kisha karibu siku 20. Siku hizo mkakati ulikuwa miguu, redio, na namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Beni walikuwa wamepanga mistari na kupiga kura yao wenyewe ya kuonyesha, bila mashini, wakinawa mikono. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha vile.

Na hiyo shabaha ya kuamsha dhamiri ya kizazi: dhamiri yangu iliamshwa na usiku tatu wa dada mmoja kwa shangazi yake. Mgeni wetu, mwaka 2028 wanasiasa watakuja tena na pesa, na sisi watano wa chumba kile bado hatuna kazi. Wawili kati yetu wako ndani ya harakati hii. Siku hiyo wewe utakuwa unafanya kazi kwa nani? Hiyo njo shabaha ninayotaka kusikia, na iwe na jina la mlipaji.

Kwa hiyo ninaomba wakubwa wa harakati wasimamishe mwaliko mpaka atume orodha ya wateja wake wote tangu 2018, pamoja na kazi aliyowafanyia. Kama orodha ni safi, nitamwomba msamaha mbele ya wote na nitaikala mstari wa kwanza na kalamu.

Siku ya posho, kwenye mkutano, nitaanza na yangu. Nitasoma majina yote 12 niliyotumia, ili kila mtu atazame kwenye simu yake kama kuna mmoja aliyemwamini. Mwalimu alikuwa anaitwa Papa Jérôme.