Mbwa Hakimbii, Sisi Je?



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa usharika wetu. Binti yake ana miaka 14 na ana kifafa kikali. Anameza dawa kila siku bila kukosa, lakini bado huanguka mara mbili au tatu kwa wiki. Mkono wake wa kushoto una kovu kubwa la moto, maana siku moja alianguka jikoni akiwa peke yake akisonga ugali. Mama huyu alisikia redioni kwamba huko Ulaya wako mbwa wanaofunzwa kumwangalia mtu mwenye kifafa. Baada ya ibada alitushika mkono akauliza, "Mama nesi, hivi ni kweli? Na sisi tunaweza kumpata mbwa wa namna hiyo? Nimechoka kumlinda peke yangu. Hata sokoni siendi kwa amani."

Tunajua wako kina mama wengi wanaolala jicho moja likiwa wazi kama yeye. Kwa hiyo tunalijibu swali lake hapa, ili lisaidie wote.

Mbwa hao wapo kweli

Ndiyo, mama, ni kweli. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, shirika liitwalo Support Dogs, lililoanza mwaka 1992, huwafunza mbwa kwa ajili ya watu wenye kifafa. Marekani nako yako mashirika ya namna hiyo. Mbwa hao ni wa aina mbili. Wako wanaofunzwa la kufanya mtu akishaanguka: kubweka ili watu waje, kubonyeza kitufe cha kuita msaada, kuleta simu, na kulala kando ya mgonjwa mpaka azinduke. Wako pia wanaomwashiria mgonjwa kabla hajaanguka, ili apate kukaa chini mahali pa salama, mbali na moto na barabara.

Yaelekea mbwa hutumia pua yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua harufu ya pumzi na jasho la wagonjwa wakati wa kifafa na wakati walipokuwa watulivu, wakawanusisha mbwa 5 waliofunzwa. Mbwa 3 waliitambua harufu ya kifafa kila mara, na 2 waliobaki waliitambua karibu mara mbili katika kila mara tatu. Ni jambo la ajabu, nasi tunamshukuru Mungu aliyeumba pua hiyo.

Lakini mbwa haponyi. Mwenye mbwa bado humeza dawa zake na kwenda kliniki kama kawaida.

Tulichomjibu

Hatukutaka kumdanganya. Tulimwambia kwamba kumfunza mbwa mmoja huchukua muda mrefu na fedha nyingi, na hata huko Ulaya wanaohitaji ni wengi kuliko mbwa waliopo. Tukamwonya asije akanunua mbwa wa ulinzi akadhani atafanya kazi hiyo. Mbwa asiyefunzwa akiona mtu anatupa mikono na miguu anaweza kushtuka, akakimbia, ama akauma.

Mama aliinamisha kichwa. Tukamwuliza, "Ungempata mbwa huyo, ungetaka afanye nini hasa?" Akafikiri, kisha akasema, "Nataka awepo mmoja asiyemkimbia mwanangu."

Neno hilo lilituchoma, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukimbia. Tulipokuwa darasa la tano tulikwenda mtoni kuteka maji, wasichana sita. Mwenzetu mmoja alikuwa na kifafa, naye akaanguka majini. Nyumbani tulikuwa tumeambiwa kwamba ukigusa povu la mtu wa kifafa, ugonjwa utakurukia. Tulitupa ndoo tukakimbia mpaka kijijini tukipiga kelele. Watu wazima walipofika, alikuwa amekwisha kufa. Maji yale yalifika magotini tu. Yeyote kati yetu angeweza kumwinua uso.

Miaka mingi baadaye, katika chuo cha uuguzi, mwalimu alitufundisha kwamba kifafa hakiambukizi hata kidogo. Wenzetu waliandika kwenye madaftari yao. Sisi tulishindwa kuandika.

Kifafa si laana

Kina mama, kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme, na umeme huo unapovurugika ghafla, mtu huanguka au hupotewa na fahamu. Chanzo chaweza kuwa mtoto kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au mabuu ya tegu wa nguruwe yanapoingia kwenye ubongo. Wakati mwingine chanzo hakionekani. Povu, mate na pumzi ya mgonjwa haviambukizi kifafa.

Wako wanaosema kila kifafa ni pepo. Tusome Mathayo 4:24. Humo wenye pepo wanatajwa, kisha wenye kifafa wanatajwa peke yao, kisha waliopooza. Mwandishi wa Injili hakuwachanganya. Basi tumwombee mgonjwa kwa imani, lakini asinyimwe dawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wakiogopwa na kutengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo inatumika hata leo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Kwa wale ambao dawa haziwatoshi, kama binti huyu, usikate tamaa: omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa, ili aina na kipimo cha dawa viangaliwe upya. Usiache dawa ghafla kwa hali yoyote, maana kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokatika. Ukiwa na kifafa na ukapata mimba, au unapanga kupata, zungumza na daktari kwanza, kwa sababu ziko dawa zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kazi ya mbwa tuliigawana

Jumatano iliyofuata, katika umoja wa wanawake, tuliorodhesha kazi za mbwa yule wa Ulaya, tukaona hakuna hata moja inayotushinda. Tukagawana hivi:

1. Kubweka. Watoto wa jirani walifundishwa kuita mtu mzima mara moja, bila kumwacha binti peke yake. Mmoja huita, mwingine hubaki.

2. Kuashiria mapema. Binti mwenyewe alitueleza kwamba mara nyingine huona vimulimuli na mkono kufa ganzi kabla ya kuanguka. Siku hizo akimshika mwenzake bega, mwenzake humkalisha chini papo hapo.

3. Kumweka mbali na hatari. Hapiki peke yake kwenye mafiga. Anaoga kwa ndoo na kata, mlango bila komeo. Hachoti maji mtoni wala kisimani.

4. Kukaa naye. Hili ndilo kubwa, na kila mmoja wetu aliahidi.

Akianguka, fanya hivi. Tazama saa. Ondoa mawe, jiko na kila kitu kinachoweza kumuumiza. Weka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimpe maji. Mtikisiko ukitulia, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kaa naye mpaka azinduke kabisa, useme naye kwa upole, umfunike kama amejikojolea. Mpeleke hospitali haraka kama mtikisiko umepita dakika 5, kama unarudia kabla hajazinduka, kama ameumia au ameangukia majini, au kama ni mjamzito.

Mwezi mmoja baadaye

Mama yule alikwenda sokoni siku ya Jumamosi, peke yake. Aliporudi alikuta kwaya ya vijana iko mazoezini kanisani, lakini binti yake hayumo. Moyo ukamruka. Msichana mmoja wa sauti ya pili akamwambia, "Shikamoo, mama. Dada alianguka, ikachukua dakika mbili. Nilikaa naye. Sasa amelala nyumbani kwa mama mchungaji, ameshakunywa uji."

Mama aliweka kapu chini akakaa kwenye benchi. Alituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kuanguka yeye akiwa mbali na kumkuta ametunzwa.

Katika Luka 16 tunasoma juu ya Lazaro maskini aliyelala mlangoni pa tajiri. Mbwa walimjia wakalamba vidonda vyake. Tusikubali mbwa watutangulie kwa huruma. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wewe mama, ukimjua mtoto mwenye kifafa mtaani kwako, mwite mama yake wiki hii umwulize siku gani anataka kwenda sokoni. Kisha uwafundishe wanao wasikimbie.