Ramani ya Kipili Ichorwe na Watoto wa Kipili

Ndugu zangu, kuna kasumba moja shuleni ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena. Somo la ramani maana yake nini? Mwalimu anabandika ramani ya Afrika ukutani, watoto wanainakili, wanapaka bluu kwenye maziwa, aliyepatia anapigiwa makofi. Eti wamejua ramani. Wamejua nini hasa?

Mchukueni mtoto wa Kipili, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Kwenye ramani ile Ziwa Tanganyika ni kama mkwaruzo wa kalamu, na Kipili haipo kabisa. Lakini mtoto huyo anajua mitumbwi inaegeshwa wapi, kisiwa cha Ulwile kiko upande gani, ya kwenda Kirando ni njia ipi na ya kupanda Namanyere ni ipi. Sisi tunamfundisha kwamba hayo si elimu. Elimu ni kile walichochora wengine.

Na hao wengine walichoraje? Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi zetu, ukiwemo mpaka wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mfipa hakuulizwa. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika nchi.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, tuje ya leo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mambo makubwa ya ardhi hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Pale inaletwa ramani: hapa mashamba, hapa malisho, hapa hifadhi. Nani atasimama aulize, "Mbona shamba la bibi limepakwa rangi ya malisho?" Ni yule tu anayejua kwamba ramani ni kazi ya mtu, na mtu hukosea, au hukosea makusudi.

Ujuzi huo uanze chekechea, tena kwa sanaa. Vifaa vipo bure: boksi kuukuu, uji wa unga wa muhogo kwa gundi, mchanga wa ufukweni, vipande vya nyavu chakavu, magamba ya samaki, vizibo vya soda, mabaki ya kitenge kwa fundi cherehani. Mchanga uwe barabara, kizibo kiwe nyumba, wavu uwe mahali pa kuvulia. Mtoto akishakubaliana na wenzake kwamba kizibo ni nyumba, ameelewa ufunguo wa ramani bila kukariri. Wakibishana kama kisima kiko karibu au mbali, waende wakahesabu hatua. Hiyo ndiyo skeli! Na kitambaa cha ziwa kisigandishwe kwa gundi. Tangu 2020 tumeona maji ya Tanganyika yakipanda na kumeza nyumba na magati kandokando ya ziwa, kuanzia Bujumbura hadi Kigoma. Watoto wakisogeze wenyewe, waonyeshe maji yalikofika.

Najua visingizio. "Mtihani hauulizi hayo." Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una Sanaa na Michezo, somo hilo lisiishie kwenye kwaya na mpira. "Watoto ni wengi mno." Uwanja upo, wagawanywe makundi, wakae chini wafanye kazi.

Nasi tuliosoma mijini, tunaotafuta njia kwa simu, tusicheke. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walishirikiana kuchora vichochoro vya Tandale, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukachora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Kazi nzuri sana. Ila kwa nini mtoto asubiri mpaka afike chuo kikuu ndipo aambiwe kwamba kwao nako kunachoreka?

Anayenakili tu leo, kesho atatia saini tu. Nawasilisha.