Jahazi Bila Mabaharia

Mpwa wangu ni mshabiki mkubwa wa kandanda ya Kimarekani, na juzi tulibishana hata chai ikatupoa. Yeye ashikilia kwamba klabu ikikosa kwotabeki, yaani mrushaji mpira aongozaye mashambulizi, na itoe chochote impate. Mimi sikubaliani naye.

Huko kila mwaka klabu hupokezana zamu za kuchagua vijana kutoka vyuoni. Iliyoshika mkia hutangulia. Zamu hizo huuzika, hata za miaka ijayo. Mwaka 2012 Washington ilikuwa ya 6. Ili ifike ya 2 imtwae Robert Griffin, iliwapa Rams wa St. Louis zamu yake hiyo, na ya raundi ya pili, na za raundi ya kwanza za 2013 na 2014. Kijana aling'ara msimu mmoja, goti likamharibikia. Desemba 2014 Rams walipokutana na Washington, walitanguliza manahodha 6, wote vijana waliopatikana kwa biashara ile. Wakashinda 24-0!

Mpwa wangu akanitajia Patrick Mahomes, ambaye Kansas City ilimnunulia zamu ya 10 mwaka 2017, na vikombe ikavuna. Ni kweli, lakini yeye aliikuta timu imekwisha kamilika. Jahazi lililouza mabaharia wake ili lipate nahodha litakwenda mrama tu, hata nahodha awe hodari vipi. Akiba ya kesho si ya kuchezea, jamani.