Uchambuzi: Kobalti ni yetu, lakini lazeri ni ya nani?

Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, kobalti ya Kongo inatoka kwa kipimo. Leta imeamua kama mu mwaka wa 2026 kampuni zote pamoja zisipitishe tani 96 600 inje ya inchi. Ku Likasi, ku Kambove na hapa kwetu Kapolowe, watu wanauliza: bei itapanda? Ni ulizo la kweli. Lakini kuna lingine: kobalti ikifika kule inakoenda, feza nyingi inabakia ku nani? Tuchukue mufano moja: vitu vidogo sana vinavyotengenezwa na lazeri.

Lazeri inafanya nini?

Lazeri ni mwangaza uliokusanywa pamoja mupaka unakuwa na nguvu ya kukata chuma. Ukipiga jiwe ao chuma kwa muda mufupi kuliko kupepesa jicho, pale unapogusa panageuka mvuke. Mvuke ukipoa, unakuwa vipande vya nanometa chache. Gawanya milimita moja mara milioni moja, kile kipande njo nanometa. Unywele wa mutu una upana wa karibu nanometa 80 000.

Kitu kikiwa kidogo vile, kinabadilisha tabia. Zahabu haionekani tena ya manjano, inakuwa nyekundu. Wamama wanajua ile rangi: ukipeleka mutoto ku kituo cha afya kupima malaria, mustari mwekundu wa kile kipimo cha haraka, mara nyingi ni vipande vya zahabu vya nano. Viwanda vinavitengeneza zaidi kwa kemia. Lakini lazeri pia inaweza: unatia zahabu mu maji, unaipiga mwangaza, maji yanageuka mekundu.

Kobalti ilikuwamo

Mwaka wa 1985, ku Universite ya Rice, Texas, Marekani, Harold Kroto, Richard Smalley na Robert Curl walipiga grafiti na lazeri. Grafiti ni ile kitu nyeusi ya kalamu ya risasi. Wakapata kaboni ya umbo mupya, mviringo kama mupira. Mu 1996 wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka uleule, watu wa Smalley walionyesha kitu kingine. Walichanganya grafiti na nikeli na kobalti kidogo, chini ya sehemu 2 juu ya mia, mu tanuru ya digri 1200, wakapiga lazeri. Ikatoka mirija ya kaboni yenye upana wa nanometa moja na kidogo, yenye nguvu sana na yenye kupitisha umeme. Nikeli na kobalti njo zilisaidia ile mirija kujengeka.

Tuangalie hesabu hapo. Kobalti ilikuwa ya lazima, lakini ilikuwa kidogo tu. Kitu cha bei kali kilikuwa mashine, umeme usiokatika, na watu waliosoma miaka mingi. Kwa hiyo, mutu asituambie kama nano itapandisha bei ya kobalti. Hata ku batri, Wachina wanatengeneza nyingi za chuma na fosfati, bila kobalti yoyote. Mwenye jiwe peke yake anangojea mupango wa wengine.

Tuko na nini?

Hatuko mikono mitupu. Mu Aprili 2022, Universite ya Lubumbashi ilifungua kituo cha Afrika cha utafiti wa madini ya batri, CAEB. Umeme nao: stima ya Mwadingusha, iko hapa ku ziwa Tshangalele, ilirekebishwa kwa feza za mupango wa mugodi wa Kamoa-Kakula na ikarudi kazini mu 2021, karibu megawati 78. Ulize jirani yako kama anaona ule umeme kwake.

Muzazi atasema: kwanza maji, kwanza dawa, lazeri baadaye. Ana haki. Lakini asikie hii pia. Mu 2009, waganga wa Universite ya Lubumbashi pamoja na Wabelgiji walitangaza kama watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi sana mu mukojo. Mu 2014, utafiti mwingine ulionyesha njia zake: mboga, vumbi, na samaki wa Tshangalele. Ile mikojo ya 2009 ilipimwa Ubelgiji. Samaki ni wa kwetu, ugonjwa utakuwa wa kwetu, lakini jibu lilitoka mbali.

Na lazeri inaweza kusaidia hapo. Ule mvuke unaotoka ukipiga kitu, unawaka, na kila chuma kinawaka na rangi yake. Mashine inasoma zile rangi, inasema: hapa kuna shaba, hapa kuna kobalti. Kuna mashine za namna ile za kushika mukononi, za kupima mawe na udongo. Kijana anayejifunza ile kazi anaweza kesho kutengeneza vitu vya nano, na leo kupima udongo wa shamba la mama yake.

Feza itoke wapi?

Sheria ya madini ya 2018 inasema kampuni itoe sehemu 0,3 juu ya mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya raia wanaozunguka mugodi. Ku redevansi ya madini, sehemu 15 juu ya mia ni ya mitaa na sekteri, na 10 ni ya mufuko wa vizazi vinavyokuja.

Basi wakati wakubwa wa mugini wanaitwa kuzungumuza ile karatasi ya «cahier des charges», wasiombe kuta za masomo peke yake. Waombe na chumba cha fizikia na kemia chenye vyombo na umeme, mwalimu wa kuvitumia, na bursi za kupeleka watoto ku Lubumbashi. Na raia wafuatilie: kilichoandikwa kilifanyika ao hapana?