BAO HALILI UMEME!

Kijana mwenzangu wa mjini, nakuandikia kutoka Mangapwani. Hebu nijibu: mdogo wako anajua kucheza bao, au anajua kubonyeza simu tu?

Watu wanalalamika eti michezo ya umeme imeua bao, nage, tiara na gololi. Tusidanganyane! Simu haijaua kitu. Anayeua ni kijana anayejua bao na asimfundishe mdogo wake.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mwanzo kila mchezaji hupanga kete 10, na 22 hubaki nazo mkononi akazinamua moja moja. Hapo mtoto anapiga hesabu kichwani: nikila hapa, nitaishia wapi? Halipi hata senti.

Au umesahau kile kiza? Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme wa waya. Mwenye mchezo wa televisheni alitafuta jenereta. Mwenye bao alitafuta mwenzake tu.

Sisemi mtoto anyang'anywe simu. Naacheze! Lakini simu haimfundishi kungoja zamu, wala kushindwa mbele ya watu bila ya kununa. Hayo yanafundishwa barazani.

Basi tusingoje Serikali ituundie wizara ya bao. Leo jioni mwite mdogo wako. Huna ubao? Chimbeni mashimo mchangani, okoteni komwe, mchezo uanze. Akikufunga, ujue umefundisha.