Ndoa Kwanza, Arusi Baadaye

Lugha yetu ina utajiri ambao aghalabu sisi wenyewe tunaupuuza. Ina neno ndoa, lililotokana na kitenzi oa, na ina neno arusi, tulilolipokea kutoka Kiarabu. La kwanza lataja hali ambayo mume na mke huingia na kudumu ndani yake. La pili lataja sherehe. Waswahili wa pwani hawakuyachanganya. Nikahi hufungwa msikitini mbele ya walii na mashahidi wawili, mahari yakatajwa, na akidi ikishapita basi wale ni mume na mke. Ngoma, mapambo na pilau vyaweza kufuata jioni hiyo au hata miezi kadhaa baadaye. Sisi wa bara tumeyafanya maneno haya kuwa kitu kimoja, na kosa hilo si la kisarufi tu.

Nitatoa mfano wa kwetu Gatuanyaga. Kwa msomaji asiyeijua, hii ni wadi ya eneo bunge la Thika Mjini, upande wa barabara iendayo Garissa, ambako Wakikuyu na Wakamba huishi pamoja, wengine wakilima mahindi na maharagwe, wengine wakiwa vibarua wa mashamba ya mananasi na machimbo ya mawe. Si vigumu kupata huko mume na mke waliokaa pamoja miaka 10 au 15, wenye watoto shuleni, wasio na cheti cha ndoa. Ukiwauliza sababu, jibu huwa ni moja: "Bado tunajipanga." Wanajipanga kwa lipi? Kwa hema na viti, magari ya kukodi, gauni, keki, mpiga picha, na kamati itakayokutana kila Jumapili kukusanya michango ya M-Pesa kutoka kwa watu ambao nao wana kamati zao. Haya yote ni ya arusi. Ndoa yenyewe imesahauliwa mlangoni.

Wasomi wa fasihi hatuna udhuru wa kujifanya hatukuonywa. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, tunayoisoma kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, iliigizwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977 na wakulima na wafanyakazi wa Kiambu hii hii. Kiguunda na Wangeci wameishi pamoja miaka mingi. Tajiri Kioi anawashawishi kwamba wanaishi dhambini mpaka wafunge ndoa kanisani. Ili kuigharamia arusi hiyo, Kiguunda anaweka rehani ekari yake moja na nusu, na shamba linakwenda. Mihadhara yetu huijadili kazi hii kama hadithi ya ubepari na dini, na ni kweli. Lakini ni hadithi ya bili ya arusi pia, na sijui kwa nini tunaona haya kulisema hilo.

Hali ilivyo kisheria si ya kutisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Anayetaka ile ya kiserikali humpa msajili notisi ya maandishi siku zisizopungua 21 kabla, notisi hiyo ikatangazwa ili mwenye pingamizi alitoe. Siku ikifika, wawili hao, wenye umri wa miaka 18 au zaidi, husimama mbele ya msajili na mashahidi wawili, wakatamka kuwa wamekubaliana, wakatia saini. Hakuna kifungu kinachodai gauni. Hata kwa ndoa ya kimila, sheria hiyo yasema kwamba pale mahari yanapohitajika, kiasi kidogo tu cha kuashiria kinatosha kuithibitisha. Wahusika humwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila.

Anayelipia kuchelewa huku ni mwanamke. Mume akifariki, na machimboni ajali si jambo geni, hutakiwa barua ya chifu inayowataja warithi kabla ya shauri la mirathi kufunguliwa mahakamani. Hapo ndipo shemeji aliyekula chakula cha mama huyo kwa miaka 12 huuliza kwa upole, "Kwani huyu aliolewa lini?" Zamani mahakama ziliweza kuwachukulia waliokaa pamoja muda mrefu kuwa wameoana. Januari 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, Mahakama ya Upeo ilisema dhana hiyo itumiwe kwa nadra na kwa masharti makali, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Isitoshe, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Lakini idhini ya nani itaombwa, iwapo mke hajulikani kisheria? Ardhi ya kwetu inakatwakatwa viwanja kila uchao, na swali hili si la darasani.

Najua nitakavyojibiwa. Wazee bado huziita ndoa hizi za "kwa DC", kwa sauti ile ile wanayotumia kumtajia mtu kifungo. Hata mjini jamii haijazizoea sherehe ndogo: Januari 2017 wawili wa Nairobi walifunga ndoa kanisani wakiwa na fulana na pete za shilingi 100, na taifa zima likawahurumia hata wafadhili wakawaandalia arusi nyingine ya kifahari tarehe 14 Februari. Nani aliwaambia wafadhili hao kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kasoro?

Wapo pia watakaonikumbusha kwamba cheti hakizimi ukoo. Ni kweli. Wambui Otieno aliolewa na S. M. Otieno mwaka 1963 chini ya sheria ya serikali, na bado mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo wa Umira Kager haki ya kumzika mumewe. Hata hivyo, kama mwenye cheti alihangaika hivyo, asiye nacho atasimama na nini?

Mamangu, nilipomsomea makala haya, aliuliza jambo moja tu: mbuzi wake wataletwa lini? Namheshimu kwa swali hilo. Ngurario ya Wakikuyu na ntheo ya Wakamba ni mbuzi, si hema la wageni 500, na sioni sababu ya kuziacha. Wazee wetu wenyewe husema ruracio haimaliziki. Mkwe hudaiwa mpaka uzeeni, na hilo ndilo linalozifunga familia mbili pamoja. Maadamu haimaliziki, kumtaka binti asubiri imalizike ndipo atie saini ni kumwambia asitie kamwe. Nimemwahidi mama kwamba mbuzi watakuja, tena kwa awamu. Cheti kitatangulia.